Gift Ngoepe: Dogo aliyekulia klabuni, akasota hadi Ligi Kuu Marekani

Wapo wachezaji waliokulia jirani na uwanja. Gift Ngoepe yeye alikulia ndani ya klabu yenyewe.

Mama yake alifanya kazi Randburg Mets, klabu ya besiboli jijini Johannesburg, Afrika Kusini, na familia ikaishi kwenye chumba kimoja kidogo cha jengo hilohilo. Dogo akifungua mlango tu, uwanja huo hapo.

Kwenye nchi ambayo vijana wengi wanaota kuvaa jezi ya Kaizer Chiefs au Orlando Pirates, yeye akaangukia kwenye glovu. Pirates aliyokuja kuipata ni nyingine kabisa, Pittsburgh Pirates ya Marekani.

Ilikuwa 2008, akiwa na miaka 18, baada ya kuonekana kwenye kambi ya vijana kule Tirrenia, Italia. Akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini na timu ya MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani. Machi 2009 akaichezea nchi yake kwenye mashindano ya dunia. Dhidi ya Mexico alipiga mipira miwili iliyomfikisha kituo cha tatu kila mara, kitu ambacho hata mastaa hukipata kwa nadra.

Hapo shabiki wa soka atadhani mambo yameisha. Wapi!

Kwenye soka, dogo anaweza kusajiliwa leo na Jumamosi akatokea benchi. Besiboli ina ngazi. Kila klabu kubwa ina timu zake za chini, moja juu ya nyingine, na huko ni safari ndefu za basi, miji midogo na mshahara wa mawazo. Ngoepe alianza 2009. Akapanda hadi Altoona, kisha Indianapolis, hatua moja tu kabla ya Ligi Kuu, na hapo akagota.

Tatizo halikuwa ulinzi. Alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, eneo ambalo kwa lugha ya soka ungesema namba sita, mipira mingi inapita hapo na hakuna muda wa kufikiria. Alikuwa fundi kwelikweli. Shida ilikuwa gongo. Alikosa sana mipira, na timu haikai na mtu asiyepiga hata akidaka kila kitu.

Mwaka 2013 mama yake alifariki dunia. Mwanawe alikuwa bado timu za chini.

Simu ya kupanda ilikuja Aprili 2017, akiwa na miaka 27. Usiku wa Aprili 26 akaingia mechi ikiendelea, dhidi ya Chicago Cubs waliokuwa mabingwa watetezi, akiwa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza MLB. Aliyekuwa akimrushia mpira ni Jon Lester, mkongwe mwenye mataji matatu ya ubingwa.

Ngoepe akaugonga, ukapenya katikati, akakimbia na kufika kituo cha kwanza salama. Zamu yake ya kwanza kabisa!

Alicheza mechi 28 msimu huo kabla gongo halijamwangusha tena, na mwaka uliofuata akawa Toronto Blue Jays. Huku nyuma, Pirates walikuwa wameshamsajili na mdogo wake, Victor.