Dhoruba ya Jumatatu, Wimbi la Alhamisi

Utabiri wa bahari wa siku mbili unaweza kufanana kabisa kwa kimo cha mawimbi: mita 2 leo, mita 2 kesho. Leo hakuna atakayeikumbuka. Kesho watu wazima wenye uzoefu wa miaka mingi watakaa kwenye boti, wautazame mwamba, kisha waamue kutoingia majini. Tofauti imo kwenye tarakimu ndogo ya pembeni ambayo wasomaji wengi huiruka: leo sekunde 9, kesho sekunde 18.

Tarakimu hiyo ndiyo kipindi cha wimbi, yaani muda unaopita tangu kilele kimoja kipite mpaka kingine kifike. Ukikijua kipindi, mengi yanafuata. Chukua sekunde hizo, zizidishe kwa zenyewe, kisha uzidishe kwa 1.56, utapata umbali wa mita kati ya kilele na kilele kwenye bahari yenye kina kirefu. Wimbi la sekunde 9 lina urefu wa mita 126. La sekunde 18 lina zaidi ya nusu kilomita. Vimo vyao baharini ni sawa, lakini la pili linaleta pwani nguvu maradufu kila sekunde, na linaposimama kwenye maji mafupi hupanda juu zaidi ya mwenzake. Ningeulizwa nifute tarakimu moja katika utabiri wa mwamba mkali, ningefuta kimo.

Mwamba ninaouzungumzia uko Teahupo'o, kijiji cha kusini-magharibi mwa Tahiti Iti, sehemu ndogo ya kisiwa cha Tahiti, pale barabara inapoishia. Mbele ya kijiji kuna mlango katika mwamba wa matumbawe, unaoitwa Hava'e, na pembeni mwa mlango huo huvunjika mojawapo ya mawimbi mazito kuliko yote yanayotelezwa na binadamu. Ndiko Wafaransa walikopeleka mashindano ya kuteleza mawimbini ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, umbali wa kilomita 15,700 hivi kutoka Paris yenyewe. Walikuwa na pwani zao za Bahari ya Atlantiki. Lakini Julai na Agosti Atlantiki ya kaskazini hulala, na Pasifiki ya kusini iko katikati ya kipupwe chake.

Kipupwe hicho ndicho kiwanda. Kati ya Aprili na Oktoba, dhoruba hupita mfululizo katika bahari iliyo wazi kusini na mashariki ya New Zealand, kwenye latitudo za nyuzi 40 hadi 60, ambako hakuna nchi kavu ya kuuzuia upepo. Kimo na kipindi cha mawimbi yatakayozaliwa huamuliwa na mambo matatu: ukali wa upepo, muda unaovuma, na upana wa bahari unaoupitia. Dhoruba moja hutoa mchanganyiko wa mawimbi ya vipindi vyote kwa pamoja, bahari iliyochafuka isiyo na mpangilio. Safari ndiyo inayoyapanga.

Katika bahari yenye kina, mawimbi marefu hukimbia kuliko mafupi. Vilele vya wimbi la sekunde 18 huenda kilomita 100 kwa saa, lakini kundi zima pamoja na nguvu yake husafiri kwa nusu ya mwendo huo, kilomita 50 hivi kwa saa, maana kilele cha mbele hufifia na kingine huzaliwa nyuma. Maji yenyewe hayaendi popote. Yanapokezana nguvu kama watu waliojipanga kupitisha ndoo kwenda kuzima moto. Weka dhoruba kilomita 4,000 kutoka Tahiti. Mawimbi ya sekunde 20 yatafika baada ya saa 71, ya sekunde 14 baada ya saa 102. Dhoruba ikikolea Jumatatu, Alhamisi watangulizi wamebisha hodi, na wafuasi wao wako nyuma zaidi ya siku nzima.

Watangulizi hawa ni wajanja. Huja wachache, wakiwa na kimo kidogo baharini, mara nyingi juu ya bahari inayoonekana imelala. Mtu anayepima kwa macho huona hakuna kitu, akaingia. Baada ya dakika ishirini za utulivu, upeo wote unainuka.

Aliyetufundisha kuyafuata mawimbi haya mpaka yalikozaliwa ni Walter Munk, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi katika taasisi ya Scripps, California. Wakati wa Vita Kuu ya Pili yeye na mwalimu wake, Harald Sverdrup, walibuni njia ya kutabiri mawimbi ili askari wajue siku ya kushuka pwani; njia hiyo ilitumika hata kwa Normandy mwaka 1944. Baada ya vita aliendelea na udadisi uleule bila bunduki. Akipima mawimbi ya kusini katika kisiwa cha Guadalupe, pwani ya Meksiko, yeye na mwenzake Frank Snodgrass walipiga hesabu kurudi nyuma na kukuta kwamba baadhi yalikuwa yamezaliwa katika Bahari ya Hindi. Bahari yetu hiihii, upande wake wa kusini kabisa. Mwaka 1963 wakapanga vituo kutoka New Zealand, kupitia Samoa, Palmyra na Hawaii, mpaka Alaska, wakayafuatilia mawimbi yale yale yakivuka Pasifiki nzima. Walichogundua kiliwashangaza: wimbi refu likishatoka nje ya eneo la dhoruba yake, hupoteza nguvu kidogo mno njiani. Munk alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 101, na kila anayefungua utabiri wa mawimbi kwenye simu leo anakula matunda ya kazi yake.

Siku hizi hakuna haja ya kumweka mtu kisiwani na kipimo. Setilaiti hupima upepo juu ya bahari kwa rada na hupima kimo cha mawimbi kwa kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka majini. CFOSAT, ya China na Ufaransa, iliyorushwa Oktoba 2018, husoma hata mwelekeo na urefu wa mawimbi. Programu kubwa za hesabu, kama WAVEWATCH III ya Marekani, huyachukua hayo na kuyasukuma mbele siku kwa siku. Agosti 2011 utabiri ulionyesha dhoruba kali kiasi kwamba watelezaji walipanda ndege kutoka mabara mengine na kuwahi kufika kabla ya mawimbi. Tarehe 27 mamlaka zilitangaza hatari nyekundu na kupiga marufuku boti kutoka. Waliotoka siku hiyo walivutwa kwa pikipiki za majini, kwa sababu hakuna mikono ya binadamu inayoweza kupiga kasia na kuyafikia mawimbi ya namna ile.

Sasa mwamba. Tahiti ni kisiwa cha volkeno. Hakina tako pana la nchi kavu linaloendelea chini ya bahari. Wimbi la sekunde 18 huanza kuigusa sakafu kwenye kina cha mita 250 hivi, na katika pwani nyingi za mabara hukwaruza chini kwa makumi ya kilomita, likichoka kidogo kidogo. Hapa sakafu hupanda ghafla. Wimbi linakuja na mwendo wa bahari kuu, na nguvu iliyokuwa imetawanyika katika kina kirefu inajikuta imebanwa ndani ya maji yanayomfika mtu kiunoni. Sehemu ya chini inazuiwa, ya juu bado inakwenda. Wimbi linayafyonza maji ya mwambani mbele yake mpaka sakafu ya wimbi inashuka chini ya usawa wa bahari, kisha mdomo wake mzito unarushwa mbele na kufanya pango. Anayetazama kutoka pembeni huona kitu kisicho na mgongo, kana kwamba bahari imekunjwa.

Mlango wa Hava'e upo kwa sababu ya mvua. Matumbawe hayapendi maji baridi yasiyo na chumvi, na kila mto mkubwa unaposhuka kutoka milimani, mwamba ulio mbele yake hushindwa kukua. Ndiyo maana milango ya mwamba ya Tahiti mara nyingi hutazamana na mabonde. Mlango ukishakuwepo, maji yanayomwagwa ndani na mawimbi hupata njia ya kutokea, na hutoka kwa mkondo wenye nguvu. Wimbi nalo hupinda likiuzunguka ukingo na kuacha eneo la maji salama kando yake. Boti za wapiga picha hukaa hapo, karibu mno kwa mtu asiyejua.

Sakafu ya mchanga hubadilika kila dhoruba, mwamba haubadiliki. Hilo humrahisishia mtabiri kazi, kwani tarakimu zilezile mwaka huu na mwaka jana zitaleta wimbi lilelile, na wenyeji wanazo kumbukumbu zao kichwani. Wanajua kwamba mawimbi yakitoka kusini hasa yatapita yakisambaa kuelekea mlangoni, yenye huruma kiasi. Yakigeuka yatoke kusini-magharibi zaidi, huuvamia mwamba kifua kwa kifua, na mtelezaji hujikuta anasukumwa kuelekea matumbawe badala ya maji ya kina. Nyuzi 20 za dira zinatosha kuibadilisha siku. Uthabiti huu wa mwamba ndio uliowafanya wakazi kuandamana mwaka 2023, ulipotangazwa mnara mpya wa alumini wa majaji wa Olimpiki kujengwa juu yake. Desemba mwaka huo jahazi la kazi lilivunja matumbawe wakati wa majaribio. Mwishowe mnara ulijengwa, lakini ukiwa umepunguzwa kutoka tani 14 hadi 9. Naona wakazi walikuwa na haki: huwezi kuwasifia watu kwa wimbi lao huku unacheza na sakafu inayolitengeneza.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Pemba au Lamu atalistaajabia. Kwetu mtu wa bahari hutazama mwezi kwanza. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kati ya mita tatu na nne, na mwamba mmoja unaweza kuwa njia ya ngalawa asubuhi na uwanja wa kuokota pweza mchana. Tahiti iko karibu na eneo ambalo mvuto wa mwezi karibu hauyapandishi maji kabisa, kwa namna mawimbi ya kupwa na kujaa yanavyozunguka katika Pasifiki. Kinachobaki ni jua. Kwa hiyo maji hujaa karibu adhuhuri na usiku wa manane, kila siku ya mwaka, na tofauti ya kujaa na kupwa ni sentimita 30 hivi. Mtabiri wa Teahupo'o anaweza kuiweka kando kalenda ya mwezi. Nahodha wa Zanzibar angeona ni mzaha.

Kinachomnyima mtabiri usingizi ni upepo. Asubuhi njema ya Teahupo'o huanza na hupe, upepo baridi wa usiku unaoteremka mabondeni kuelekea baharini, ndugu wa umande wa pwani zetu. Ukivuma dhidi ya uso wa wimbi, hulishikilia wima kidogo zaidi na kuulainisha uso wake. Jua likipanda, hupe hufa. Adui ni maraamu, upepo mkali wa kusini-mashariki wa msimu wa kipupwe, ambao unaweza kuvuma siku kadhaa na kuujaza uso wa bahari makunyanzi. Kwenye ufukwe wa mchanga makunyanzi ni usumbufu. Kwenye mwamba mkali, donge moja la maji chini ya ubao katika sekunde ya kushuka lamwangusha mtu mahali ambapo maji hayafiki mita moja.

Na upepo huu ni mgumu kukadiria kwa sababu ya milima. Programu za dunia nzima hugawa anga katika visanduku vyenye upana wa kilomita 10 hivi. Tahiti Iti yote huingia katika visanduku vichache, na vilele vyake vinavyopita mita 1,300 husawazishwa kuwa kilima. Bonde lenye upepo wake halionekani. Matokeo yake ni kinyume cha tulichozoea: wimbi lililozaliwa kilomita 4,000 mbali hujulikana siku tatu au nne kabla, na upepo wa bondeni haujulikani hata saa tatu kabla. Tarakimu za mawimbi nazisoma kwa imani kubwa. Za upepo nazisoma kama uvumi, nikisubiri kuona minazi alfajiri.

Olimpiki ilionyesha yote mawili. Mawimbi makubwa yaliyotarajiwa yalifika, na Jumatatu, 29 Julai 2024, Gabriel Medina wa Brazili alipata pointi 9.90 katika wimbi moja. Picha aliyopigwa na Jérôme Brouillet wa shirika la AFP, akiwa wima hewani kidole juu na ubao wake kando, ilizunguka dunia. Baada ya hapo hali ya bahari na hewa ikavuruga ratiba. Raundi ya tatu ya wanawake ilingoja mpaka 1 Agosti, na fainali zikafanyika tarehe 5, siku ya mwisho ya muda uliotengwa.

Katika fainali ya wanaume likajitokeza jambo ambalo hakuna setilaiti inayolifikia. Mawimbi ya mbali huja kwa makundi, kwa kuwa mawimbi ya vipindi vinavyokaribiana huungana hapa na kufutana pale. Unaweza kujua wastani wa siku, lakini si dakika ambayo kundi litaingia. Kauli Vaast, kijana wa Tahiti anayeiwakilisha Ufaransa, alipata 9.50 na 8.17 katika dakika za mwanzo. Kisha bahari ikanyamaza. Jack Robinson wa Australia, aliyeshinda mashindano ya mwamba huohuo mwaka 2023, alisubiri wimbi la pili la maana mpaka muda ukaisha. Vaast alimaliza na 17.67. Robinson akapewa medali ya fedha kwa 7.83, alama za wimbi moja.