Marekebisho ya mtutu wa bunduki ya marisau

Marekebisho ya mtutu wa bunduki ya marisau ni mabadiliko yanayofanywa kwenye mtutu baada ya bunduki kutoka kiwandani. Lengo lake huwa ni kubadili namna marisau yanavyotawanyika, kupunguza kishindo begani au kuongeza kasi ya risasi. Bunduki ya marisau huitwa pia shotigani. Hutumiwa kuwinda ndege na wanyama wadogo, katika michezo ya shabaha na katika ulinzi. Nchini Tanzania, pamoja na Mkoa wa Songwe, bunduki hiyo humilikiwa kwa leseni tu.

Kati ya marekebisho yanayojulikana, choki ndiyo yenye matokeo yanayoonekana wazi. Mengine huleta tofauti ndogo kwa mwindaji wa kawaida, na baadhi yake hupunguza usalama wa mtutu.

## Muundo wa mtutu

Mtutu wa raifoli una michirizi ya ndani inayozungusha risasi moja ili iende moja kwa moja. Mtutu wa shotigani kwa kawaida ni laini ndani, kwa sababu risasi yake hubeba punje nyingi ndogo za madini, yaani marisau, zinazotoka kwa pamoja.

Ukubwa wa tundu hupimwa kwa hesabu ya zamani ya Kiingereza. Bunduki ya namba 12 ina tundu ambalo linatoshea tufe la risasi lenye uzito wa sehemu moja ya 12 ya ratili, yaani kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Namba inavyopanda ndivyo tundu linavyopungua. Hivyo bunduki ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12.

Nyuma ya mtutu kuna chumba cha risasi. Mbele ya chumba hicho mtutu hupungua taratibu mpaka kufikia kipenyo cha tundu. Karibu na mdomo, mitutu mingi hubanwa tena kidogo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo choki.

## Aina za marekebisho

### Choki

Choki hubana marisau yanapotoka ili yasitawanyike upesi. Katika bunduki ya namba 12, choki kamili hupunguza kipenyo kwa milimita 1 hivi, choki nusu kwa nusu milimita, na choki robo kwa robo milimita.

Kipimo kinachotumika ni duara la sentimita 76 lililochorwa kwenye karatasi umbali wa mita 36.6, sawa na yadi 40. Mtutu usio na choki huingiza katika duara hilo asilimia 40 hivi ya marisau. Choki robo huingiza asilimia 50 hadi 55, choki nusu asilimia 60 na choki kamili asilimia 70. Risasi yenye marisau 300 itaingiza 120 bila choki na 210 kwa choki kamili.

Faida hiyo ni ya mbali tu. Kwale anayeruka kutoka kwenye nyasi akiwa mita 20 kutoka kwa mwindaji ni shabaha ya karibu. Kwa umbali huo choki kamili hufanya kundi la marisau kuwa dogo mno: mwindaji hukosa kwa urahisi zaidi, na akimpata ndege nyama huharibika. Choki robo, au mtutu usiobanwa, hufaa zaidi.

Choki za kisasa ni vipande vifupi vya chuma vinavyofungwa kwa nyuzi ndani ya mdomo wa mtutu, hivyo mwenye bunduki anaweza kuvibadilisha. Mtutu usiotengenezwa kwa ajili hiyo huhitaji kukatwa nyuzi na fundi wa bunduki. Kama chuma cha mdomo ni chembamba, kazi hiyo haifai kufanyika kabisa.

### Kupanua tundu

Baadhi ya mafundi hupanua tundu la mtutu au hurefusha sehemu inayopungua mbele ya chumba. Inadaiwa kwamba marisau hugongana kidogo zaidi na kishindo hupungua. Matokeo hutofautiana kutoka bunduki moja hadi nyingine, na mara nyingi mpigaji hawezi kuyahisi. Hasara yake ni ya hakika: chuma kikishaondolewa hakirudi, na kuta za mtutu huwa nyembamba.

### Matundu ya kutolea gesi

Matundu madogo karibu na mdomo huelekeza gesi juu ili mtutu usiruke. Kwa kuwa msukumo wa gesi ya shotigani huwa umeshuka sana unapofika mdomoni, athari yake ni ndogo kuliko kwenye raifoli. Mlio huongezeka masikioni mwa mpigaji, na usafishaji huwa mgumu zaidi.

### Urefu

Wengi huamini kwamba mtutu mrefu hupiga mbali zaidi. Hilo lilikuwa na ukweli zama za baruti nyeusi iliyoungua polepole. Baruti ya sasa humaliza kuungua mapema ndani ya mtutu. Kuongeza urefu kutoka sentimita 66 hadi 76 huongeza kasi kwa mita chache tu kwa sekunde, wakati marisau huanza safari kwa kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde. Faida kubwa ya urefu ni ulingano wakati wa kulenga.

## Historia

Choki ilijulikana sana katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka 1866 William Rochester Pape wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza iliyohusu mtutu wa aina hiyo, na katika miaka ya 1870 W. W. Greener wa Birmingham aliieneza kibiashara.

Katika Afrika, mtutu uligeuka kuwa jambo la sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa, hasa zenye michirizi, kuingizwa katika eneo kubwa la bara kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Siku moja kabla yake, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekubaliana mipaka ya makoloni yao, na ndipo ulipotokana mpaka unaopita Tunduma leo.

Hivyo mtutu laini ulibaki kuwa silaha ya kawaida ya mwindaji wa kijijini. Mfano wake ni gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti na vipande vya madini kupitia mdomoni. Magobore mengi yametengenezwa na wahunzi wa vijijini, mara nyingine kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kubeba msukumo wa baruti. Mtutu wa namna hiyo unaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji, na hakuna marekebisho yanayoweza kuufanya uwe salama.

## Hali katika Mkoa wa Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake yapo Vwawa, na mji wake wa mpakani ni Tunduma, unaopakana na Nakonde nchini Zambia. Upande wa kaskazini mkoa unafika Ziwa Rukwa, lenye ndege wengi wa majini.

Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Anayelazimika kupeleka bunduki kwa fundi wa mbali hulipia nauli, malazi na siku za kazi, mbali na malipo ya fundi mwenyewe. Kuvuka kwenda Nakonde ni hatua chache kwa miguu, lakini bunduki na sehemu zake haziwezi kuvushwa kama bidhaa nyingine. Itifaki ya SADC ya mwaka 2001 kuhusu silaha ndogo inahusu pia risasi na vipuri.

Kwa wawindaji wa ndege wa majini kuna jambo jingine. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wahamao wa Afrika na Ulaya-Asia, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka marisau ya madini ya risasi yaachwe katika maeneo oevu kwa kuwa ndege huyameza na kupata sumu. Marisau ya chuma yanayotumika badala yake ni magumu na mepesi zaidi. Yakipigwa kwa choki kamili ya bunduki ya zamani yanaweza kuharibu mdomo wa mtutu. Mwenye bunduki kuukuu huhitaji kupunguza mbano, si kuuongeza.

## Sheria

Umiliki wa bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi ya leseni huanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupitia kamati za ulinzi na usalama. Kutengeneza na kukarabati silaha si kazi ya fundi yeyote mwenye tupa na msumeno, huhitaji kibali. Kufuta namba ya silaha huiondoa katika kumbukumbu zinazotumika kuitambua.

Leseni ya bunduki haimpi mtu ruhusa ya kuwinda. Uwindaji una leseni yake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1868 inakataza kuuza bunduki ambayo mtutu wake haujajaribiwa na kupigwa muhuri. Mtutu uliopanuliwa kupita kipimo cha muhuri lazima ujaribiwe upya kabla ya kuuzwa.

## Gharama na faida

Hatua yenye gharama ndogo kuliko zote ni kuipima bunduki kama ilivyo. Mpigaji huweka karatasi kubwa mahali panaporuhusiwa na penye kizuizi salama nyuma yake, hupiga risasi za aina mbili au tatu kwa umbali anaowindia, kisha huhesabu matundu. Mara nyingi kubadili aina ya risasi hubadili mtawanyiko kama vile kubadili choki kungefanya.

Bunduki ikiwa tayari ina nyuzi za choki, kununua choki ya pili inayolingana nayo kunaweza kufaa kwa anayewinda kwa umbali tofauti. Kukata nyuzi kwenye mtutu wa zamani, kupanua tundu au kutoboa matundu ya gesi ni vigumu kuhalalisha kwa gharama yake. Mtutu wenye kutu ya ndani, uvimbe au ufa haufai kurekebishwa, hutolewa matumizini.