Kabla Hujalipia Kozi ya Kufufua Moyo
Huduma ya kwanza kwa kila mtu: Sehemu ya tatu

Wiki iliyopita tulieleza kinachotokea mwilini moyo unaposimama: damu haifiki kwenye ubongo, na baada ya dakika chache tu ubongo huanza kudhurika. Nikawahimiza wasomaji wajifunze kufufua moyo na mapafu, huduma ambayo wengi wanaijua kwa herufi tatu, CPR. Linalofuata ni swali la haki kabisa. Ziko kozi za saa tatu, za siku mbili, na za kwenye simu usiku ukiwa umelala kitandani. Mtu achague ipi?

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi naomba uanze kwa kujiuliza: ni nani hasa ninayeweza kulazimika kumwokoa?

Chukua watu wawili. Wa kwanza ni mzee aliyeanguka ghafla akiwa kwenye foleni ya benki. Moyo wake umesimama wenyewe, lakini damu yake bado ina oksijeni. Katika dakika za mwanzo anahitaji kubonyezwa kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikididimia sentimita 5 hadi 6, na kushtuliwa moyo kwa mashine ikiwa ipo karibu. Wa pili ni kijana aliyeopolewa baharini. Kwake pumzi ndiyo iliyotangulia kukatika, moyo ukafuata baadaye. Oksijeni imekwisha katika damu yake, na ukimbonyeza kifua bila kumpulizia hewa, unazungusha damu isiyo na cha kuupa ubongo. Ndiyo maana aliyezama huanza kupewa pumzi, kisha hubonyezwa kifua mara 30 na kupuliziwa mara mbili, na mzunguko huo huendelea.

Kwa hiyo kozi fupi inayofundisha kubonyeza kifua peke yake inaweza kumfaa karani wa ofisini. Nahodha wa boti, mvuvi, au mwalimu wa kuogelea akiishia hapo, amekosa sehemu anayoihitaji kuliko nyingine zote. Mwalimu wa chekechea na dada anayelea watoto watafute kozi yenye mdoli wa mtoto mchanga, kwa sababu kifua chake hubonyezwa kwa vidole gumba viwili, kwa kina cha sentimita 4 hivi. Wajifunze pia kumsaidia mtoto aliyepaliwa na chakula. Muuguzi na tabibu wana kozi yao, ijulikanayo kama BLS, inayofundisha kupima mapigo, kutumia mfuko wa kupulizia hewa na kufanya kazi kwa zamu na mwenzako. Raia wa kawaida hapungukiwi kitu kwa kutoichukua.

Ukishajua unamwendea nani, uliza habari za mdoli. Mwaka 1960 watafiti watatu wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walitangaza njia ya kuusukuma moyo kwa kubonyeza kifua bila kupasua. Mwaka huohuo Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea kutoka Norway, alileta mdoli wa ukubwa wa mtu wa kufanyia mazoezi. Waanzilishi wa elimu hii walijua tangu mwanzo kwamba haiingii mwilini kwa kusikiliza.

Mimi nilijifunza hilo kwa uchungu. Cheti changu cha kwanza nilikipata katika ukumbi wa watu wapatao arobaini na mdoli mmoja. Kila mtu alibonyeza mara kumi, tukapigwa picha, tukaondoka. Miaka miwili baadaye, katika kozi nyingine, mdoli wenye taa ulinionyesha kwamba mikono yangu ilikuwa haifiki kina kinachotakiwa hata mara moja. Kwa miaka hiyo miwili nilitembea nikiamini kwamba naweza kumwokoa mtu.

Basi kabla hujatoa fedha, uliza: mdoli mmoja wanautumia watu wangapi? Ipo mashine ya mazoezi ya kushtua moyo? Kuna mtihani wa vitendo, na anayeshindwa anarudia? Mkufunzi anafuata mwongozo wa mwaka gani? Miongozo ya kimataifa imekuwa ikipitiwa upya kila baada ya miaka mitano hivi, ikiwemo 2015, 2020 na 2025. Kama cheti unakitaka kwa ajili ya kazi, muulize kwanza mwajiri anatambua cha nani. Vyama vya Msalaba Mwekundu vya Tanzania na Kenya hufundisha huduma ya kwanza, na St John Ambulance hufanya hivyo Kenya. Hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Masomo ya mtandaoni nayo yana nafasi yake. Nadharia unaweza kuisoma nyumbani, kisha ukaenda kufanya vitendo mbele ya mkufunzi. Cheti kilichotolewa bila mkufunzi kuiona mikono yako kinathibitisha kwamba umesoma, basi.

Hata cheti kizuri kina mwisho wake. Vingi hudumu miaka miwili, lakini ujuzi huanza kupungua ndani ya miezi michache. Kozi inayokualika urudi kufanya mazoezi mafupi kabla cheti hakijaisha muda inakujali wewe na utakayemwokoa.

Kesho ukipiga simu kwenye chuo ulichokifikiria, uliza swali hili hata kama utayasahau mengine: nitabonyeza mdoli mwenyewe kwa dakika ngapi mfululizo? Dakika mbili ndiyo zamu ya mwokoaji mmoja kabla ya kupokewa na mwenzake, na zinachosha kuliko unavyodhani. Kama huko hutazimaliza hata mara moja, tafuta kozi nyingine.

Wiki ijayo: mashine ya kushtua moyo, na kwa nini mtu asiye daktari hana haja ya kuiogopa.