Tairi la kudumu kwa gari la mkulima: soma ubavu kabla ya kuuliza bei

Najua mmezoea kunisoma nikizungumzia salfa, palizi na ukusanyaji wa korosho. Leo tunaongelea matairi, na msishangae. Kwa kijana anayelima kibiashara huku Newala, gari ni zana ya kazi kama ilivyo pampu ya kupulizia. Na kwenye gari, ukiacha mafuta, tairi ndilo linalokula hela bila kupumzika.

Siku hizi vijana wengi wakishapokea malipo ya mnada wananunua gari la juu: RAV4, Escudo, Prado, wachache Hilux. Ni jambo jema, maana gari linabeba salfa kutoka ghalani, linapeleka vibarua shambani na kurudisha magunia AMCOS. Shida inaanza matairi yanapobaki kipara. Mtu anaingia dukani na swali moja tu: "Shilingi ngapi?" Swali la mkulima lingekuwa hivi: tairi hili litanifikisha kilomita ngapi, kwa mzigo wangu, kwenye njia zangu?

Anza na njia unazopita

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu anajua ardhi inavyoporomoka ghafla pale. Barabara kuu ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na lami ilianzia upande wa Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50 za kwanza. Lakini mashamba yetu hayako kando ya lami. Juu ya uwanda ni mchanga: kiangazi unazamisha gari, mvua zikianza kuna sehemu zinateleza. Ndani ya mashamba kuna visiki. Ukishuka kuelekea Masasi unakutana na changarawe na mawe yenye ncha.

Sasa angalia aina za matairi. Utaona herufi ubavuni au kwenye maelezo ya muuzaji:

- H/T ni tairi la barabara. Kashata zake zimebanana, halina kelele, halili mafuta sana. Linadumu vizuri kwenye lami, lakini ubavu wake ni mwepesi kwa visiki na mawe.
- A/T ni la njia mchanganyiko. Kashata ni kubwa kiasi, na mengi yana ubavu mgumu zaidi.
- M/T ni la matope. Kashata kubwa zilizoachana. Kwenye lami linapiga kelele, linaisha haraka na linaongeza mafuta.

Vijana wengi wanapenda M/T kwa sababu gari linaonekana la kibabe. Kama hukai kwenye matope miezi yote, unalipia sura. Kwa mkulima wa huku anayechanganya mchanga, changarawe na safari za Mtwara, mimi nashauri A/T. Kama gari lako linashinda Masasi mjini na lami ya kwenda Mnazi Mmoja, na shambani unaenda mara moja kwa mwezi, H/T litakutosha na litadumu zaidi.

Ubavu wa tairi unasema yote

Mwaka jana mwishoni mwa Mei kijana mmoja mwenye RAV4 alinifuata ofisini. "Shikamoo bwana shamba. Matairi yalikuja na gari kutoka Japani, kashata zilikuwa zimejaa kabisa. Mwaka haujaisha, yamekwisha. Au ni mchanga wetu?" Tukatoka nje, tukainama, tukafuta vumbi. Ubavuni kulikuwa na neno STUDLESS.

Hilo ni tairi la theluji. Japani kuna mikoa yenye baridi kali, na magari mengi ya huko hufungwa matairi ya namna hiyo. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu. Ukiuleta kwenye joto la kusini, unalika haraka sana, na gari linayumba ukikata kona na mzigo. Kwa hiyo gari lako likitoka bandarini, tafuta neno STUDLESS au alama ya mlima wenye kitone cha theluji ndani yake. Ukikuta STUDLESS, usihesabu kwamba umepata matairi. Weka bajeti ya kuyabadilisha. Na dukani ukiuziwa "mtumba wa Japani, kashata mpya", angalia hilo kwanza.

Mambo mengine ya kusoma ni haya:

Ukubwa na uwezo wa mzigo. Tuchukue 265/65R17 112S, saizi ya Prado na Hilux nyingi. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, na 17 ni inchi za rimu. Namba 112 ndiyo wengi wanairuka. Ni uwezo wa kubeba: tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. Namba 100 ni kilo 800, na 102 ni kilo 850. Herufi ya mwisho ni mwendo, S ikiwa kilomita 180 kwa saa. Usikubali kufungiwa namba ya mzigo iliyo chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, hata kama saizi nyingine zote zinalingana.

Umri. Tafuta neno DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2224 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2024. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Mimi tairi jipya lililopita miaka miwili silipendekezi kwa bei ya jipya. Na watengenezaji wengi wanasema likifika miaka 10 litolewe, hata kama kashata bado zipo.

Uimara. Ukiona LT mbele ya saizi, hilo limetengenezwa kwa magari ya mizigo midogo, na ubavu wake ni mgumu. Kwa Hilux inayobeba magunia linafaa. Kwa RAV4 litakurusharusha bila sababu.

Ulikaji. Baadhi ya matairi yana neno TREADWEAR na namba. Kubwa zaidi ina maana mpira unalika polepole: 500 ni mgumu kuliko 300. Itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja, maana kila kampuni inapima yenyewe. Matairi ya LT hayana namba hiyo.

Hesabu ya mkulima

Tuseme, kwa mfano tu, tairi la kwanza ni shilingi 250,000 na linakwenda kilomita 25,000. La pili ni 420,000 na linakwenda kilomita 60,000. Matairi manne ya kwanza ni 1,000,000, sawa na shilingi 40 kwa kila kilomita. Ya pili ni 1,680,000, sawa na shilingi 28. Lile la "bei nafuu" ndilo ghali. Ila hesabu hii inakubali kama matairi yatafika hizo kilomita, na hapo ndipo tunapoharibu wenyewe.

Kinachoua matairi yetu ni mzigo na upepo

Mfuko wa salfa ni kilo 25. Mifuko 20 ni kilo 500. Ongeza watu wanne wa kilo 70, umefika 780. Gari dogo kama RAV4 limeundwa kubeba watu watano na mizigo yao, takribani kilo 450 hadi 500 kwa jumla. Sasa shuka nalo mteremko wa kwenda Masasi, jua la saa nane, upepo wa tairi uko chini. Ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, nyuzi za ndani zinaachia. Tairi likipasuka kwenye mteremko ule, hatuongelei tena hela. Gawa mzigo, nenda safari mbili. Mafuta ya safari ya pili ni rahisi kuliko jeneza.

Kuhusu upepo:

1. Fungua mlango wa dereva, kuna stika yenye kiwango cha gari lako, tupu na likiwa na mzigo. Fuata hiyo, usifuate mazoea ya fundi pancha.
2. Pima asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa ya baridi. Nunua kipima upepo chako.
3. Ukizama kwenye mchanga, punguza hadi karibu PSI 20, tembea taratibu bila kukata kona kwa nguvu, halafu ujaze tena kabla ya kushika njia ngumu. Wengi wanapunguza, wanasahau kujaza. Kwa hiyo tembea na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari.
4. Badilishana matairi ya mbele na nyuma kila kilomita 10,000, na fanya alaimenti kila ukifunga mapya au ukipiga shimo kubwa.

Tairi lenyewe litakuambia kosa liko wapi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati, ulizidi. Likiisha upande mmoja, alaimenti imekataa au kuna kitu kimelegea chini.

Na kama gari lako linavuta miguu yote minne muda wote, funga manne kwa pamoja, aina moja, saizi moja. Ukichanganya jipya na kipara, yanazunguka tofauti na unaumiza difu. Gharama ya difu utaifahamu gereji. Spea nayo iwe ya saizi hiyo hiyo.

Nunua lini?

Ndani ya mifereji ya kashata kuna vijiti vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Kwa njia zetu za utelezi, mimi nasema usisubiri hapo. Zikibaki milimita 3, anza kutafuta.

Panga ununuzi kabla ya Juni, au kabla ya Oktoba. Juni tunaanza kupambana na ubwiri unga, na salfa ya vumbi inarudiwa kila baada ya siku 14 hivi. Gari likilala wiki nzima kwa kukosa tairi, raundi imekupita, na ua la mkorosho halikusubiri. Oktoba minada inaanza, kila mtu anataka gari, na bei ya tairi unapangiwa ukiwa huna ujanja.

Yule kijana wa RAV4 alifunga A/T nne, namba ya mzigo 102, na anapeleka salfa mifuko 10 kwa safari. Juni yote hakukosa raundi.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, chukua kitambaa ufute ubavu wa kila tairi. Andika saizi, namba ya mzigo na tarakimu nne za DOT kwenye daftari lako la shamba, pale unapoandika salfa na vibarua. Usipoelewa, njoo nalo ofisini tusome pamoja. Kazi njema.