Taya Linapouma, Jino Husingiziwa

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 34, fundi cherehani. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameng'olewa magego mawili ya upande wa kulia, na maumivu yalikuwa palepale. "Daktari, naomba uning'oe na hili la tatu," alisema. Nilipomtaka apanue kinywa, kilifunguka kwa upana wa vidole viwili tu, taya likapinda kuelekea kulia, naye akashika mbele ya sikio. Meno yaliyobaki yalikuwa mazima.

Mahali aliposhika ndipo kilipo kiungo cha taya. Msomaji akiweka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha akafungua na kufunga kinywa, atakihisi kikicheza. Kichwa cha mfupa wa taya huzunguka, halafu huteleza mbele, kikiwa kimetenganishwa na fuvu kwa kisahani kinachonyumbulika. Kisahani hicho kikihama kidogo, taya hulia. Mlio usioambatana na maumivu wala kukwama hauhitaji tiba, ingawa huwatia watu hofu kubwa.

Aghalabu kiumacho zaidi ni misuli ya kutafuna, ile inayotuna shavuni na kwenye panja tunapokaza meno. Maumivu yake husikika katika magego, sikioni na kichwani. Ndiyo maana mgonjwa huapa kwamba ni jino. Hapana chanzo kimoja: kuna kukaza meno bila kujua, kuyasaga usingizini, kuumia taya, msongo wa mawazo na kukosa usingizi. Mama yule alikuwa akikata nyuzi kwa meno na kubana pini mdomoni kutwa nzima.

Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio wa Marekani, alieleza kuwa maumivu ya namna hii hutokana na kupotea kwa magego. Wataalamu wa anatomia baadaye waliyakanusha maelezo hayo, lakini imani kwamba dawa ya taya ni kuyachezea meno ingali hai. Kusaga meno mazima ili "yakutane vizuri", au kuyang'oa, ni tendo lisilorudishwa nyuma. Nami katika miaka yangu ya mwanzo kazini niling'oa jino lisilo na kosa.

Kwa hiyo, mhudumu mwenzangu, kabla ya ganzi tafuta tundu, gonga jino, kisha bonyeza misuli ya shavu. Ikiwa jino ni zima na kubonyeza shavu ndiko kunakoamsha maumivu yaleyale, liache jino. Pima pia upana wa kinywa: kwa kawaida huingia vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe.

Tiba ya mwanzo ni nyepesi, na wengi hupata nafuu kwayo katika wiki au miezi michache. Chakula kiwe laini; miwa, mahindi ya kuchoma na bigijii viachwe kwa muda. Kitambaa cha maji ya moto kiasi kiwekwe shavuni kwa dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku. Midomo ifumbwe, lakini meno yasigusane. Ibuprofeni husaidia kwa siku chache, ila haiwafai wenye vidonda vya tumbo, wenye maradhi ya figo wala wajawazito. Anayesaga meno usiku huweza kutengenezewa kifaa cha kuyakinga.

Yapo yasiyongoja. Kinywa kisichofunguka pamoja na homa au uvimbe, au kilichokwama wazi, kipelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyepita miaka 50 mwenye maumivu mapya ya kichwa, taya linalouma akitafuna, au macho yanayofifia. Taya linalouma mtu apandapo ngazi, kifua kikimbana, huenda ni moyo.

Mama fundi alirudi baada ya wiki sita. Vidole vitatu viliingia, na shingoni alikuwa amening'iniza kimkasi cha kukatia nyuzi. Aliuliza kama magego yake mawili yanaweza kurudishwa, tukaanza kuzungumzia gharama za meno ya bandia.