Ndege za Jeshi Kwenye Uwanja wa Raia

Majirani wawili wakigombana na wewe ukasema huna upande, halafu mmoja wao akapitisha vijana wake uani kwako na ukawapa maji ya kunywa, bado huna upande? Wananchi wa Ireland, nchi ndogo ya Ulaya, wamebishana juu ya jambo kama hilo kwa miaka mingi.

Ireland haikuingia katika Vita Vikuu vya Pili, 1939 hadi 1945, na wala haimo katika NATO. Magharibi mwa nchi upo uwanja wa Shannon. Huu ni uwanja wa raia. Zamani ndege nyingi zilizovuka Atlantiki zilitua pale kutia mafuta. Siku hizi ndege nyingi huvuka moja kwa moja, kwa hiyo wateja wanatafutwa. Mteja mmoja ni jeshi la Marekani. Tangu vita vya Afghanistan, 2001, na Iraki, 2003, askari wake wamepitia hapo kwa malaki, wengi wao ndani ya ndege za kukodi.

Je, sheria yasemaje? Mkataba wa The Hague wa 1907 unakataza nchi isiyo na upande kuruhusu majeshi yanayopigana kupita katika ardhi yake. Ireland nayo ina amri ya 1952: ndege ya jeshi la kigeni haitui bila kibali cha Waziri wa Mambo ya Nje. Kwa kawaida masharti ni kwamba isibebe silaha wala risasi, isifanye ujasusi, isiwe katika shughuli za kivita. Lakini serikali hutegemea neno la wenye ndege. Wapinzani wanauliza: nani ameingia ndani akaangalia?

Mwaka 2003 Edward Horgan, afisa mstaafu wa jeshi la Ireland, alipeleka serikali kortini. Jaji Kearns alikubali kwamba desturi ya mataifa hairuhusu nchi isiyo na upande kupitisha askari wengi wanaokwenda vitani. Hata hivyo hakuwazuia. Alisema uamuzi huo ni wa serikali na Bunge, na Bunge lilikuwa limepiga kura kukubali mwezi wa Machi.

Serikali hujibu kwamba kutia mafuta si kupigana, kwamba desturi hii ni ya zamani, na kwamba Marekani ni rafiki. Tena watu wa Shannon wanahitaji kazi. Hoja hizo si za kudharau. Lakini sharti lisilokaguliwa ni kama daftari la kikundi ambalo mweka hazina halifungui mbele ya wanachama. Pengine hesabu ni safi, ila hakuna ajuaye.

Maswali ya mkutano:
1. Kutokuwa na upande ni maneno tu, au ni yale tunayoruhusu?
2. Mapato yakigongana na msimamo wetu, nani aamue?
3. Kikundi chetu kina masharti gani ambayo hakuna anayeyakagua?