Maisha ya jioni ya Bugene

Bugene ni kata ya Wilaya ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Iko jirani na Kayanga, makao makuu ya wilaya, na ndani yake umo mji mdogo wa Omurushaka. Wakazi wengi ni Wanyambo. Lugha yao ni Kinyambo, na Kiswahili hutumika sokoni, shuleni na ofisini.

Omurushaka ni njia panda. Barabara ya lami kutoka Kyaka, yenye urefu wa kilomita 59 hivi, hufika hapa, na tawi jingine huelekea Nkwenda na Murongo kwenye mpaka wa Uganda. Upande huo ulikuwa sehemu ya Karagwe hadi Wilaya ya Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012. Kwa sababu ya njia hizo, shughuli za usiku zimejikusanya Omurushaka na Kayanga: baa, nyama choma, nyumba za wageni na vijiwe vya bodaboda. Vijijini giza huingia mapema, na jioni hupitishwa nyumbani.

Nyumba za vijijini zimezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba, kahawa na maharage. Mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo hutafunwa, hazinywewi. Kisha hufuata rubisi.

'''Rubisi'''

Rubisi ni pombe ya ndizi, na kwa Wanyambo na majirani zao Wahaya ina kazi kubwa kuliko kuburudisha. Hupelekwa kwenye posa na ni sehemu ya mahari. Pia hunywewa wazee wanapokaa kusuluhisha ugomvi. Ndizi za pombe huivishwa kwanza, kwa kawaida shimoni au juu ya moto wa jikoni. Baada ya kumenywa hukamuliwa pamoja na nyasi ndani ya chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Juisi inayopatikana, omuramba, ni tamu na watoto huinywa. Ikichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, huchacha kwa siku moja au mbili. Haikai: ikipita siku chache huwa chachu mno, hivyo anayepika rubisi hualika watu au huuza haraka. Ndiyo maana kinywaji hiki huleta mkusanyiko, tofauti na bia ya chupa inayoweza kusubiri dukani mwezi mzima.

Rubisi pia hukenekwa kuwa gongo, pombe kali ambayo utengenezaji wake bila leseni umepigwa marufuku na sheria.

'''Mnyauko wa migomba'''

Desturi hii inategemea mmea mmoja, na mmea huo uko hatarini. Mnyauko wa bakteria, unaoitwa pia unyanjano, ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, ukianzia Wilaya ya Muleba, na baadaye ukasambaa. Majani hugeuka njano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Baadhi ya aina za ndizi za pombe huambukizwa kwa urahisi kwa njia hiyo, hasa ile inayoitwa kayinja nchini Uganda. Panga la mkulima nalo huupeleka ugonjwa kutoka kibanja kimoja hadi kingine.

Hakuna dawa ya kuponya mgomba ulioambukizwa. Wakulima hushauriwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuondoa ulioathirika. Ushauri wa mwisho ndio mgumu zaidi, kwa kuwa kibanja hurithiwa na migomba yake huweza kudumu kwa vizazi.

'''Senene'''

Mkoani Kagera, msimu wa senene, hasa Novemba na Desemba, hubadilisha usiku. Taa kali huwashwa juu ya mabati yaliyosimamishwa wima. Senene huvutwa na mwanga, hugonga bati na kuteleza ndani ya mapipa. Wategaji hukesha hadi alfajiri, kisha senene hunyonyolewa mbawa na miguu na kukaangwa.